Mashine ya kuediti vidio uliyoiunda mwenyewe inazingua? Soma kwanza kabla hujanunua kifaa kingine

Kama umeunda mashine yako mwenyewe ya kuediti vidio alafu sasa inaganda, au inajizima katikati ya eksporti, au kuna diski jana ilikuwepo leo haionekani, ombi langu la kwanza usikimbilie dukani. Wageni wengi wa hii kazi ndo wanachofanya, ikizingua wananunua RAM, ikizingua tena wananunua kadi ya grafiki, mwisho mtu ana boksi limejaa vifaa vizima kabisa na tatizo liko palepale. Manake kwenye hizi mashine za kuunda wenyewe mara nyingi sana hakuna kifaa kibovu, kuna vifaa viwili vizima vinavyogombania kitu kimoja.

Na kuediti vidio ndo kunaufichua huo ugomvi kuliko kazi nyingine yoyote. Ukibonyeza plei kwenye taimulaini ya 4K, diski inasoma, chipu ya kufungua kodeki (namna vidio ilivyobanwa) inafanya kazi, prosesa inapanga, RAM inajaa, kadi ya grafiki inapiga rangi, sauti inatakiwa itoke bila kukatika, vyote kwa mkupuo. Kwaiyo utamkuta mtu amepima prosesa peke yake ikafaulu, kapima kadi ya grafiki peke yake ikafaulu, anashangaa kwa nini eksporti inakufa. Kipimo cha maana ni ule mradi wako mzito unaoiangusha mashine. Uhifadhi kama ulivyo, usiuguse, kila ukibadilisha kitu urudi kuujaribu huohuo.

Utakutana na ushauri wa zamani unaosema toa kadi weka sloti nyingine, IRQ (laini ambazo vifaa vinatumia kuiita prosesa) zinagongana. Zamani ilikuwa kweli, kulikuwa na IRQ 16 tu kwa mashine nzima, kuanzia 0 mpaka 15, na nyingi zilikuwa na wenyewe tayari, kwaiyo kadi ya sauti na kadi ya kuingiza vidio zikipangiwa moja ilikuwa shida tupu. Vifaa vya PCIe (mfumo wa sloti za mazabodi za sasa) vya siku hizi vinatuma maombi yao kama ujumbe, havihitaji kugombania hizo laini. Cha kuchekesha ni kwamba kuhamisha sloti bado kunaponya mashine nyingi, ila sababu ni nyingine, ni njia za PCIe, yaani barabara za data kati ya prosesa na vifaa.

Hapa kwenye njia ndo nataka ukae kidogo. Prosesa ina idadi maalum ya njia na haiongezeki hata ukinunua mazabodi yenye sloti za kumwaga. Chukua Ryzen 7000, ina njia 28, 4 zinaenda kwenye chipseti (chipu ya mazabodi inayounganisha vifaa vingine), zinabaki 24, kadi ya grafiki inachukua 16, zinazobaki 8 ndo za NVMe (SSD za kasi zinazokaa kwenye sloti za M.2) na mengineyo. Vitu vingine vyote, yaani SATA (diski za kebo), USB nyingi, kadi ya mtandao, M.2 ya tatu na ya nne, vinapita kwenye chipseti, na chipseti yenyewe inaongea na prosesa kupitia zile njia 4 tu. Sasa mtengenezaji wa mazabodi anataka aweke sloti nyingi zaidi ya njia alizonazo, anachofanya ni kuzigawanya, ukitumia hii ile inazimika au inapungua nguvu, na habari hiyo anaiandika kwa maandishi madogo kabisa chini ya jedwali kwenye kitabu cha mazabodi.

Kuna jamaa alikuja na mashine yake, kaongeza NVMe ya tatu kwa ajili ya kashe (faili za muda za kuediti), alipowasha diski zake mbili za akiba zenye kazi za wateja zimeyeyuka, hazipo kwenye Windows wala kwenye BIOS (setingi za mazabodi kabla Windows haijawaka). Alishabadilisha kebo za SATA, alishabadilisha plagi za umeme, alishaanza kuulizia watu wa kuokoa data. Tukafungua kitabu cha mazabodi, ukurasa wa M.2, chini pale kuna kamstari kanasema M.2 ya tatu ikitumika SATA ya 5 na ya 6 zinazimwa. Diski zake zilikuwa wapi? 5 na 6. Tukahamishia kebo kwenye 1 na 2, tukawasha, zikarudi zote mbili na kila kitu ndani. Hakuna kilichonunuliwa. Kwaiyo hicho kitabu kishushe kama PDF alafu tafuta ndani yake maneno M.2 na SATA, kabla hujashika bisibisi.

Upande mwingine wa hilohilo ni sloti inayodanganya kwa urefu. Sloti inaweza kuwa ndefu ya x16 kwa macho lakini ndani imeunganishwa kwa njia 4, au 1 tu. Kadi ya grafiki ikishuka kutoka x16 kwenda x8 wala hutalia, tofauti kwenye kuediti ni ndogo. Kadi ya kuingiza vidio ndo italia. Piga hesabu, picha ya 4K ya fremu 60, biti 10, 4:2:2 (kiasi cha rangi kinachohifadhiwa) bila kubanwa inataka zaidi ya gigabaiti 1.2 kila sekunde, na njia moja ya PCIe 3.0 haifikishi hata gigabaiti 1 kamili. Hapo fremu lazima zidondoke, na utailaumu kamera, utailaumu kebo, utamlaumu hata aliyerekodi. Programu ya GPU-Z itakuonyesha kadi ya grafiki inatumia njia ngapi, ila usiisome mashine ikiwa imetulia maana kadi inajishusha ili kubana umeme, bonyeza kale ka alama ya kuuliza uiendeshe kidogo ndo usome.

RAM nayo ina vituko vyake. Mtu anaanza na vipande viwili vya DDR5, kazi zinaongezeka, ananunua viwili vingine vilevile, modeli ileile, anachomeka, mashine inaanza kuanguka. Kila kipande ukikipima peke yake kizima. Tatizo ni kwamba vipande vinne vinailemea sehemu ya prosesa inayosimamia memori, na hata AMD wenyewe kwa Ryzen 7000 wanatoa uhakika wa kasi ya 5200 kwa vipande viwili lakini vinne ni 3600 tu. Ile 6000 iliyoandikwa kwenye boksi ni EXPO au XMP, ambayo kiukweli ni kuikimbiza RAM kupita kiwango rasmi, ikikubali sawa, isipokubali huna wa kumlalamikia. Na usitegemee kuona skrini ya bluu kila mara. RAM isiyotulia inaweza kukupa vidio imetoka ina mabaka ya rangi sekunde fulani, ukieksporti tena mabaka yamehamia kwingine, au faili la mradi linakataa kufunguka. Mabaka yanayohama nayaogopa kuliko mashine kuzima, maana mashine ikizima unajua.

Cha kufanya, zima EXPO kwenye BIOS, fanya kazi siku nzima ya kawaida, ikitulia umeshampata mwizi. Kisha MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iache usiku kucha imalize mizunguko yote, kosa moja tu tayari ni kosa, usiseme ah ni moja tu. Kama ni vipande viwili vikae sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwa prosesa, mazabodi nyingi ndo zinavyotaka ila thibitisha kwenye kitabu. Na ukibadilisha RAM ya DDR5 skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza, mashine inajifunza hiyo memori, usiizime kwa hasira. Kama unajua utahitaji 96 GB basi nunua viwili vya 48 tangu mwanzo, achana na habari za kuongezea baadae.

Umeme. Mashine ikijizima ghafla na kuwaka upya bila skrini ya bluu, wakati wa eksporti tu, fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows) utakuta Kernel-Power 41. Watu wakiiona hiyo wanasema pawasaplai imekufa. Hiyo 41 haisemi hivo, inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Angalia kwanza kebo. Kadi kubwa ya grafiki yenye matundu mawili ya pini 8 mara nyingi unaikuta imelishwa na kebo moja yenye vichwa viwili, wakati kila tundu limepangiwa wati 150, yaani 300 zinapita kwenye kebo moja hadi kwenye pawasaplai. Weka kebo mbili tofauti, ijaribu. Kama ni ile plagi mpya ya pini 12 pamoja na zile ndogo 4, hakikisha imeingia mpaka mwisho, isibaki hata unywele. Alafu kitu kimoja cha hatari kweli, kebo za pawasaplai moja usizitumie kwenye pawasaplai nyingine hata kama zinaingia vizuri, upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga waya anavyotaka, utachoma diski zote kwa sekunde moja.

Ukiwa hapohapo kwenye Event Viewer tafuta WHEA-Logger, hayo ni makosa ya vifaa ambayo Windows imeyarekodi. Zikiwa nyingi zenye namba 17, kuna kifaa cha PCIe kinakosea na kujisahihisha muda wote. Kama keisi yako imeisimamisha kadi ya grafiki wima kwa kebo ya kurefusha, shika hiyo kebo kwanza, nyingi zilitengenezwa kwa PCIe 3.0 na kadi inajaribu kuongea 4.0. Ingia BIOS, ile sloti usiiache Auto, iweke Gen 3, basi.

Device Manager (orodha ya vifaa kwenye Windows) nayo inaongea ukiisikiliza. Alama ya njano yenye Code 12 maana yake kifaa kimekosa nafasi ya kutosha kwenye anwani za mashine, hiyo inatokea sana ukiweka kadi mbili za grafiki au kadi ya grafiki na kadi kubwa ya kuingiza vidio, na dawa mara nyingi ni kuwasha Above 4G Decoding kwenye BIOS, inayoongeza nafasi ya hizo anwani. Inaweza kukutaka uzime CSM (modi ya kuwasha mifumo ya zamani), na kama Windows yako iliinstoliwa kwenye diski ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski) haitawaka mpaka uirudishe hiyo CSM, kwaiyo angalia hilo kwanza. Code 43 anza na draiva, futa kwa DDU (programu ya kusafisha draiva za grafiki) ukiwa Safe Mode na intaneti umeikata, kisha kama kadi ni ya NVIDIA weka draiva ya Studio badala ya ya magemu.

Kuna ugomvi mwingine wa kimyakimya, grafiki ya ndani ya prosesa. BIOS nyingi zikiona kadi ya grafiki zinaizima ile ya ndani, na wewe hujui kwamba ndo uliyokuwa unaihitaji. Kamera nyingi sasa zinarekodi kwa kodeki ya HEVC ya 4:2:2 biti 10, grafiki ya ndani ya Intel kuanzia kizazi cha 11 inaifungua vizuri, wakati kadi za NVIDIA za kabla ya RTX 50 haziifungui, inabaki prosesa inasukuma peke yake na taimulaini inakwama kwama. Iwashe kwenye BIOS, weka draiva yake, alafu kwenye setingi za programu ya kuediti uchague. Prosesa yenye herufi F mwishoni haina hiyo grafiki, usihangaike kuitafuta.

Na kama una Core i7 au i9 za kizazi cha 13 au 14 za kompyuta ya mezani, apdeti BIOS kabla ya kumshuku mtu mwingine. Mwaka 2024 Intel walikubali kwamba prosesa hizo zilikuwa zinaomba volti kupita kiasi na kuharibika taratibu, wakatoa mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na nyingine baada ya hapo. Iliyokwisha kuharibika apdeti haiiponyi, hiyo ni ya kurudisha kwa waranti.

Ukikwama kabisa, vua kila kitu. Bakiza prosesa, RAM kipande kimoja, diski ya mfumo na skrini, na kama prosesa haina grafiki ya ndani bakiza na kadi ya grafiki. Kabla ya hapo piga picha setingi zote za BIOS, na kazi za wateja ziwe zimeshahamishiwa diski iliyo nje ya hiyo mashine. Ikiwaka na kutulia, rudisha kimoja, jaribu mradi wako mzito, andika, rudisha kingine. Najua inachosha, utatamani urudishe vitatu kwa pamoja ili uende kulala, na ukifanya hivo ikianguka hujui ni nani kati ya hao watatu. Isipowaka kabisa angalia vile vitaa vidogo vya mazabodi, CPU, DRAM, VGA, BOOT, kinachobaki kuwaka ndo kinakwambia imeishia wapi.

Sauti ikipasuka pasuka wakati picha iko sawa usianze kununua spika, endesha LatencyMon (programu inayoonyesha draiva inayochelewesha sauti) dakika kumi ukiwa unapleisha taimulaini, ikionyesha draiva ya mtandao zima WiFi usikilize tena. Na mausi ya wayalesi ikianza kuruka ruka kila ukichomeka SSD ya nje, hiyo sio virusi, USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo ndo hayohayo mausi inayatumia, chukua kebo fupi ya kurefusha USB usogeze kale kapokezi ka mausi mbali na hiyo SSD.