Naongea Kichina ila kusoma sijui, kwenye CV niandikeje?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni Mchina wa kuzaliwa hapahapa Dar, Upanga, babu ndo alikuja toka Guangdong. Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Nyumbani tunaongea Kikantoni kilichochanganyika na Kiswahili, Kimandarini, yaani Kichina rasmi, nacho naongea bila shida ila kusoma ndo mtihani, najua jina langu, namba na vitu vya menyu, basi. Nina digrii ya ugavi na nimefanya kliaringi bandarini miaka mitatu. Nataka kutafuta kazi China, Hong Kong au Singapore. Sasa kwenye lugha niandike najua Kichina au nisiandike? Baba anasema niandike tu najua, hayo mengine nitajifunzia hukohuko.

Jibu: Marahaba dada. Mzee tunamheshimu, ila kwenye hii CV usimsikilize.

Shida yako wewe ni sura. Mimi Mmatumbi nikiongea sentensi mbili za Kichina ofisi nzima inanishangilia, "Zhongwen hen hao!", yaani Kichina chako kizuri sana, na hapo nimekosea toni tatu. Wewe utaongea nusu saa nzima hakuna anayekusifia maana kwao ni kawaida, ila siku ukisimama mbele ya tangazo la ukutani ukamuuliza mtu limeandikwa nini ndo watakushangaa. Wakantoni wana jina kabisa la watu kama wewe, jook-sing, yaani kile kipingili cha mwanzi, maji yakiingia upande huu hayatokei upande ule. Malaysia wanawaita ndizi, njano nje nyeupe ndani. Sio majina ya kukukatisha tamaa, nakuambia ujue kwamba hii hali inajulikana sana, hutakuwa wa kwanza kuwaelezea.

Nimekaa upande wa waajiri Guangzhou miaka kadhaa na kuna intavyuu moja sijaisahau. Alikuja binti kazaliwa nje kama wewe, CV imeandikwa Kichina ni lugha mama, tukaongea nae dakika ishirini safi kabisa, mama wa HR anatabasamu, mpaka akamsukumia fomu ya karatasi na peni ajaze anwani, shule alizosoma na mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Binti akaandika jina lake, vizuri tu. Halafu peni ikasimama. Akawa anaitazama ile fomu kama anaitafuta sehemu ya kuanzia, mwishowe akatoa simu akaipiga picha ili aitafsiri, na mama wa HR akaichukua fomu polepole akasema haina shida. Alipotoka tu nikaulizwa, kumbe alidanganya? Na kinachouma ile kazi ilikuwa ya kuhudumia wateja wa Afrika Magharibi kwa Kiingereza, kusoma kusingemsumbua hata kidogo kama angesema mapema.

Kwahiyo gawa. Usiandike "Kichina" kama kitu kimoja. Andika Kikantoni, lugha ya nyumbani. Kimandarini, kuongea na kusikiliza kiwango cha kazi. Kusoma na kuandika, mwanzo. Kwenye CV ya Kichina kopi hii uibandike hivihivi: 口语流利，读写初级. Inasomeka kouyu liuli, duxie chuji, yaani kuongea fasaha, kusoma na kuandika ngazi ya mwanzo. Ukikaa kwenye intavyuu sema wewe kabla hawajakuuliza, kwa Kimandarini, sentensi moja, halafu endelea na kontena zako. Na Kiswahili kiweke juu kabisa! Watu wa kwenu huwa mnakisahau kwenye CV kama vile ni lugha ya sokoni, wakati kampuni inayopeleka mizigo Dar na Mombasa ina Wachina wengi wanaosoma vizuri lakini haina wa kumpigia simu wakala wa forodha saa mbili usiku wakaelewana.

Sasa wapi. Singapore ndo rahisi kwa kusoma, maana kazi zinaendeshwa kwa Kiingereza, na tangazo likidai Kimandarini mwajiri anatakiwa aeleze ni kwa sababu gani, mara nyingi utakuta ni kuongea na wateja. Ugumu wa kule ni kibali. Ile Employment Pass kuanzia Januari 2025 inataka mshahara usiopungua dola 5,600 za Singapore kwa mwezi na kiwango kinapanda na umri, na juu yake kuna mfumo wa pointi ulioanza 2023. Kwa miaka mitatu ya uzoefu nakuambia ukweli ni mlima.

Hong Kong Kikantoni chako kitakuwa kama uko sebuleni kwenu, na karatasi nyingi za meli ni za Kiingereza, BL, ile hati ya shehena, ni BL popote. Ila herufi zao ni zile za zamani zenye mistari mingi, tofauti na zilizorahisishwa za bara. Halafu ulizia nyumbani kitu kimoja, kama baba au mama ni Mchina mwenye ukaazi wa kudumu wa Hong Kong aliyehamia nje kabla hujazaliwa, kuna mpango toka 2015 wa watoto wa aina hiyo, miaka 18 mpaka 40, mwenye elimu nzuri, unaomba hata kama hujapata kazi, na lugha wanakubali Kiingereza. Kama familia imetokea Guangdong moja kwa moja basi huo haukuhusu, unapita njia ya kawaida ya mwajiri kukuombea viza.

China bara usidhani damu inakupa kibali. Una pasipoti ya Tanzania basi kwa sheria ni mgeni kama mimi, kwao uraia wa nchi mbili haupo. Toka Februari 2018 watu wenye asili ya Kichina wanaweza kupewa viza ya miaka mitano ya kuingia na kutoka, nzuri kwa kusalimia ndugu, ila haikuruhusu kufanya kazi. Ajira inataka viza ya Z na kibali, na kwa daraja B, lile la wataalamu wa kawaida, njia iliyozoeleka ni digrii na miaka miwili ya uzoefu baada ya digrii, wewe unavyo. Kuna njia ya pointi pia, 60 ndo za kupita, ila lugha mwisho wake ni 5, kwahiyo usihangaike kukimbilia HSK, mtihani wa Kichina wenye kusoma, ya ngazi ya juu ukidhani ndo tiketi. Ukitaka cheti fanya HSKK, ule mtihani wa kuongea, anza na ngazi ya kati maana ya juu kuna sehemu ya kusoma kwa sauti.

Kuhusu kujifunza hukohuko, hapo mzee ana nusu ya ukweli. Wewe hauanzi sifuri. Mimi nilijifunza neno na herufi yake kwa pamoja nikiwa mtu mzima na ilinitoa jasho, wewe neno unalo tayari umebakiza sura yake. Jifunze pinyin kwanza, yaani Kichina kilichoandikwa kwa a, b, c, wiki mbili zinatosha kwa anayeongea, halafu unachapa kwenye simu yinhang linatokea 银行, benki, unalichagua kwa macho hakuna kushika peni. Hiyo herufi ya pili itakuchezea, kwenye benki inasomeka hang, kwenye baiskeli, zixingche, inasomeka xing, ila kwa kuwa sikio lako linajua neno zima utaikamata haraka. Angalizo la Kikantoni, maandishi ya kazini yanafuata Kimandarini. Nyumbani "sio" mnasema m hai, kwenye imeili utakuta 不是, bu shi. Ukiandika unavyoongea na bibi watacheka.

Usianze na vitabu vya watoto vyenye sungura. Omba mtu akutumie fomu za kazi yako, uchukue maneno mia mbili ya kontena, uzito, ushuru, bima na tarehe, hayo ndo utakayoyaona kila siku. Na kwenye WeChat, ile app ya kuchati ya Wachina, wakikutumia maandishi marefu bonyeza tafsiri, wakikutumia voisi jibu kwa voisi, kule bosi mwenyewe anatuma voisi sekunde sitini mara nne.

Kitu kimoja tu usimwachie simu. Mkataba. Mara nyingi unakuja lugha mbili na mwishoni kuna kipengele kwamba zikipishana Kichina ndo kinafuatwa, kwahiyo ile Kiingereza uliyosoma ni kama maelezo tu. Usisaini siku hiyohiyo, omba siku mbili, mpe mtu wenu anayesoma akusomee kwa sauti maana ukisikia utaelewa kila kitu. Msikilize sana kwenye gongzi, mshahara, kama ni shuiqian au shuihou, kabla ya kodi au baada. Kwenye shiyongqi, muda wa majaribio, sheria ya China ya mikataba ya kazi iliyoanza kutumika 2008 inasema mkataba wa mwaka mmoja mpaka chini ya mitatu majaribio yasizidi miezi miwili, na mshahara wa majaribio usishuke chini ya asilimia 80 ya mliokubaliana. Ukisikia miezi sita kwenye mkataba wa mwaka mmoja, waulize. Kwa kuongea, huko hawakuwezi.