Jibu: "Nina 134/84, nimeambiwa ni presha ya mpakani. Nianze dawa, nisubiri, na kahawa je?"

Usubiri nini? Huyo aliyekwambia "ya mpakani si maradhi, rudi mwakani" ni pacha wa aliyenitia mie shimoni.

2019 hapa Wete, Pemba, nilipimwa 136/86. Muuza dawa mmoja, simtaji, akaniuliza: "Kichwa chakuuma?" Hakiniumi. "Basi huna presha, kunywa mchaichai." Nikanywa, wallahi, mpaka mbuzi wa jirani wakaniona mshindani. Miaka mitatu sikunyoosha tena mkono kupimwa. Mchana ng'onda, samaki wa chumvi, usiku ng'onda na achari, si kichwa hakiumi? Alfajiri moja natia udhu, kata ikanidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Mke wangu akanitazama: mdomo umekwenda upande. Hospitali wakasema kiharusi, presha wakasoma 188/112. Mie fundi cherehani, na leo uzi sindanoni ananitungia mwanangu wa darasa la nne. Kanzu zangu mkono mmoja mrefu. Wateja nawaambia ndiyo fasheni.

Yule mtu nikikutana naye sokoni huvuka barabara. Avuke tu! Kichwa kuuma si kipimo, presha inapanda kimya kimya.

Daktari ndiye aliyenieleza baadaye: kuna utafiti Marekani, matokeo yalitoka 2006, wa watu wa namba kama zetu hizi. Waliopewa vidonge bandia, baada ya miaka 4 karibu theluthi mbili walikuwa na presha kamili. Waliopewa dawa miaka 2 kisha wakaachishwa, zaidi kidogo ya nusu nao waliingia. Kwa hiyo huo "mpaka" watu wanauvuka, tena wengi.

Nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Asubuhi kabla ya chai, na jioni: kaa kimya dakika 5, mgongo uegemee, miguu usikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara 2, andika. Siku 7, kisha mpelekee daktari hilo daftari. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85, madaktari wengi huuhesabu sawa na 140/90 ya hospitali, yaani presha kamili. Dawa ataamua yeye akishaona namba, si mie wala muuza mchaichai.

Kahawa? Ee, uliuliza kahawa pia. Tuwekee hapa kwanza namba za siku 7.