Ukimtafuta babu aliyekuwa askari wa KAR, anza na namba

Wengi wanaoanza kumtafuta mzee wao aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza huku Afrika Mashariki huja na jina tu: Juma bin Ali, Otieno, Mutua. Ndani ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari Waafrika, majina hayo yalikuwa ya watu chungu nzima, na karani wa jeshi aliandika kama alivyosikia. Tafuta kwanza namba ya askari na kikosi chake. Jina litumie kuthibitishia.

Pengine namba hiyo imelala sandukuni kwenu. Kama familia imetunza nishani ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, igeuze polepole kwenye mwanga usome ukingo wake: namba, cheo, jina, kikosi. Kama ni nishani ile iitwayo Nyota ya 1914-15, isome mgongoni. Tafadhali usiisugue kwa dawa ya kung'arisha, maana herufi hulika, na zikishalika hazirudi.

Kwenye nyaraka ukikuta "2/4 KAR", hiyo ni batalioni ya pili ya rejimenti ya nne, ile ya Uganda. Ya kwanza na ya pili asili yake Nyasaland (Malawi ya leo), ya tatu Kenya, ya saba ilitokana na askari wa Zanzibar. Ya sita iliundwa 1917 na kuchukua watu waliokuwa askari wa Wajerumani. Kwa hiyo kama kwenu husimuliwa kwamba mzee alipigana pande zote mbili, simulizi hilo lichukue kwa uzito.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina kadi za waliopewa nishani katika mfululizo wa nyaraka WO 372, na shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za vikosi, katika WO 95. Usipomkuta kwenye kadi, usihitimishe kwamba hakupigana. Na shajara zisome ukijua tabia yake: afisa Mzungu akifa hutajwa jina, askari huhesabiwa tu. Thamani yake ni kukuonyesha batalioni ilikuwa wapi siku gani.

Kwa waliokufa, fungua kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, lakini ujiandae. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Walioumia zaidi ni wapagazi. Hao ndio waliobeba risasi na unga porini, wakafa zaidi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi kwa jumla, bila jina la hata mmoja. Hili linaniuma kila nikipita pale.

Hivyo kwa mpagazi njia ni nyingine: faili za wilaya alikochukuliwa. Zilizosalia Kenya ziulizie Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Faili hizo zimepangwa kwa wilaya na maofisa, kwa hiyo kabla ya kwenda kaa na wazee wa ukoo uandike kijiji chake, chifu wa wakati ule, aliochukuliwa nao, na waliorudi walisema alifia wapi.