Mtaro Unaotiririka Jua Likiwaka: Kwa Wanaoanza Kazi ya Maji ya Mvua Kisumu na Nakuru

Ukikabidhiwa kazi ya maji ya mvua katika kaunti, utakuta mezani rundo la malalamiko ya mafuriko. Yapokee, lakini usianzie hapo. Anza wakati wa kiangazi. Subiri siku tatu zipite bila mvua, kisha fuata mto kwa miguu ukikagua mdomo wa kila mtaro. Mtaro wa maji ya mvua ukitiririka na mvua hakuna, basi ama bomba la maji safi limepasuka, ama chemchemi imejipenyeza, ama kuna mtu aliyeelekeza uchafu wake humo. Kazi yako ni kujua ni lipi kati ya hayo.

Kwa Kisumu, mito ya kuanzia ni Kisat na Auji. Anzia ziwani ukipanda juu, kwa sababu midomo mingi imefichwa na majani na huonekana ukiwa chini yake. Nendeni wawili wawili, na gambuti mguuni. Kila mdomo upewe namba, iandikwe kwa rangi ya barabara juu ya zege, na daftarini muandike mahali ulipo kwa GPS ya simu, upana wake, ni wa bomba au wa mawe, rangi ya maji, harufu, povu. Piga picha namba ikionekana. Bila namba hiyo, miezi sita baadaye mtabishana ni mtaro upi uliozungumziwa.

Kisha pima wingi wa maji. Huhitaji mtambo: ndoo ya lita 10 na saa ya simu vinatosha. Ndoo ikijaa kwa sekunde 4, mtaro unatoa lita 2.5 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 216 kwa siku. Maabara ikikuambia BOD (kipimo cha oksijeni inayotumiwa uchafu unapooza majini) ni miligramu 120 kwa lita, zidisha 120 kwa 216, gawanya kwa 1,000: karibu kilo 26 kwa siku zinaingia mtoni kupitia mdomo huo mmoja. Panga midomo yote kwa kilo, si kwa harufu. Mtaro mwembamba unaonuka huvuta kelele za mwakilishi wadi, huku mpana ulionyamaza ukipitisha mzigo mara kumi yake. Ila jihadhari na saa. Ukipima saa moja asubuhi watu wakioga, kisha ukahesabu kana kwamba hali ni hiyo mchana kutwa na usiku kucha, utazidisha. Pima asubuhi, adhuhuri na jioni, uchukue wastani.

Kabla ya kulipia maabara, tumia vipimo vya papo hapo. Amonia ikizidi miligramu 1 kwa lita na sabuni ipo, shuku maji ya choo au ya bafu. Klorini ikionekana, tafuta bomba la maji safi lililopasuka, lakini ipime palepale kwa kuwa hupotea upesi. Miongozo ya Marekani hupendekeza pia floridi kama alama ya maji ya bomba, kwa sababu kule miji mingi huiongeza kwenye maji. Usiinakili kanuni hiyo Nakuru. Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi ya asili, kwa hiyo kipimo kitakudanganya.

Sampuli ya bakteria huwekwa kwenye chupa iliyotakaswa, kwenye barafu, na ifike maabara ndani ya saa 6. Hapa ndipo wengi huanguka. Mvua ya kanda ya ziwa hupenda kunyesha alasiri au jioni, na maji machafu zaidi ni yale ya mwanzo wa mvua, takriban nusu saa ya kwanza. Utakuwa na chupa nzuri mkononi na maabara imefungwa. Patana nao mapema nani atapokea sampuli usiku.

Kumsaka mkosaji ni kazi ya gunia. Panda mtaro kutoka makutano hadi makutano, na palipo na matawi mawili weka gunia la mchanga katika kila tawi kwa siku mbili. Nyuma ya gunia moja kutatuama maji, nyuma ya jingine kutabaki kukavu. Ukishafika kwenye ploti, mwaga rangi ya kupimia chooni na mtu mwingine asimame mtaroni. Nenda na afisa wa afya ya umma na mzee wa mtaa. Ilani iandikwe kwa jina la mwenye ploti, si mpangaji. Mpangaji atahama, bomba litabaki. Madereva wa eksosta wanaomwaga usiku ni jambo jingine: hao hushikwa kwa kulinganisha risiti za kituo cha kutibu maji taka na safari walizofanya.

Kuhusu sheria, soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni jukumu la kaunti. Lakini mitaro ya kando ya barabara kuu iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na mingine mjini chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, basi jua mtaro ni wa nani kabla ya kutuma wafanyakazi. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kikomo cha BOD miligramu 30 na chembe ngumu miligramu 30 kwa lita kwa maji taka yanayoachiliwa katika mazingira. Hakikisha toleo ulilonalo ndilo linalotumika leo. Kikomo hicho kinafaa kuupimia mtaro wa kiangazi. Kuupimia mtaro wakati wa mvua, mji ukiwa umejaa barabara za udongo, ni kujitafutia kushindwa kila mara.

Marekani walilitambua hilo. Mji hupewa kibali cha kuachilia maji ya mvua mtoni kinachodai kazi, si namba peke yake: kuelimisha umma, kushirikisha wananchi, kusaka viungio haramu, kudhibiti maeneo ya ujenzi, kudhibiti maji baada ya ujenzi, na usafi wa yadi za mji wenyewe. Mto uliokwisha kuchafuka hupangiwa mzigo wa juu kabisa kwa siku, kisha mzigo huo hugawanywa. Hesabu yako ya kilo ndiyo hatua ya kwanza ya kufikia hapo.

Udongo usiudharau. Fosforasi inayolisha gugumaji husafiri imeshikamana nao, kwa hiyo ukinasa tope umeinasa pia. Kinasa tope kizolewe kikifika nusu. Na mkataba wa kuzibua mitaro usilipwe kwa mita. Ulipwe kwa malori yaliyopokewa jaani, la sivyo tope litarundikwa ukingoni na mvua ya kwanza itairudisha kazi mahali pake. Kule Nakuru hili ni zito zaidi, maana ziwa halina mto wa kutokea: kilichoingia kimeingia. Huko huko usiruhusu mashimo ya kufyonza maji karibu na nyufa za ardhi, kwani majivu ya volkano humomonyoka chini kwa chini.

Kwa gereji na waosha magari, dai kinasa mafuta cha vyumba vitatu, bomba la kupitisha maji likianzia chini ya chumba ili mafuta yabaki juu. Fundi asiyejua hutoboa ukuta juu, na mafuta hupita moja kwa moja. Maji ya paa yasielekezwe humo, yatakisukuma kila kitu nje. Sabuni nayo huchanganya mafuta na maji yasitengane, kwa hiyo maji ya kuoshea magari yapelekwe kwenye bomba la maji taka, kwa idhini ya kampuni ya maji.

Kiungio ulichokata kikague tena baada ya siku 30, alfajiri, bila kumwarifu mtu. Wengi hukirudisha.