Kupanga Barua Pepe katika Mutt

SWALI: Ninasoma barua pepe kwa programu ya Mutt, lakini majibu ya mazungumzo mamoja hutawanyika, na kuhamisha ujumbe wa zamani mmoja mmoja kunanichosha. Nirekebishe nini?

JIBU: Anza na faili la .muttrc, ambalo Mutt hulisoma kila inapofunguliwa. Ukiandika humo set sort=threads, majibu yatapangwa chini ya ujumbe ulioyaanzisha; ukiongeza set sort_aux=last-date-received, mazungumzo yaliyopata jibu karibuni yatashuka hadi mwisho wa orodha.

Kuhusu kuhamisha, huhitaji hata kugusa faili hilo. Bonyeza T kubwa, andika ~d >30d, na kila ujumbe uliozidi siku 30 utawekewa alama. Kisha bonyeza nukta-mkato ikifuatiwa na s, taja folda unayoitaka, na ujumbe wote wenye alama utahifadhiwa humo kwa pamoja. Nakala za awali hazitoweki papo hapo, bali hungoja kufutwa mpaka ubonyeze $, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kinga nzuri kwa mwenye vidole vyepesi. Rangi, ambazo wengi hukimbilia kwanza, zinaweza kusubiri.