Mshahara wa wazazi hauhesabiwi, omba tena

Dada pole kwa mtoto wako mwenye ulemavu kunyimwa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), ila usikate tamaa kwa sababu wamesema mshahara wa shemeji umezidi. Hapa Marekani kuna njia inaitwa Katie Beckett, au TEFRA, inatokana na sheria ya 1982, huyo Katie alikuwa katoto ka Iowa kamekwama hospitali kwa mashine ya kupumua maana kakienda home bima inakatika (hebu fikiria!), sasa hapo wanaangalia kipato cha mtoto mwenyewe na siyo chenu. Awe chini ya miaka 19, awe na hali ya kuhitaji uangalizi kama wa hospitali au nursing home, na kumtunza nyumbani kusigharimu zaidi ya huko. Siyo kila state inayo kwa jina hilo, zingine wanaita waiver (mpango wa kulegeza masharti ya kawaida ya Medicaid) na foleni inaweza kuwa ndefu kweli, kwa hiyo omba mapema.

Sisi mara ya kwanza tulikataliwa coz kwenye fomu niliandika mtoto wetu "anakula vizuri", kumbe nilitakiwa niseme analishwa kwa kijiko dakika arobaini na anapaliwa. Andika hali yake ilivyo siku ikiwa mbaya. Barua ya kukataliwa usitupe, ina tarehe ya mwisho ya kukata rufaa.