Dereva wa foklifti ananuka pombe asubuhi

SWALI: Nasimamia ghala lenye wafanyakazi 40. Dereva wetu wa foklifti, miaka 9 kazini, Jumatatu tatu mfululizo amefika ananuka pombe, mikono ikitetemeka. Meneja anataka afutwe. Nifanyeje?
— Msimamizi, Athi River

JIBU: Mtoe kwenye mashine leo hii, na arudi nyumbani kwa gari la kampuni, si kwa pikipiki yake. Mwambie wazi kwamba hiyo si adhabu.

Kisha andika ulichoona, si unachodhani. “Saa 1:40 asubuhi, amegonga rafu mara mbili, ulimi mzito” ni ushahidi. “Ni mlevi” ni matusi tu. Mkimpima kwa alkoblo, kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi, akae dakika 15 bila kutia kitu mdomoni, kwani hata dawa ya kusukutua hudanganya kipimo.

Meneja ana hoja: kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu ulevi unaomshinda mtu kazi kuwa kosa kubwa. Ila kifungu cha 41 kinataka kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Mkiruka hapo, mnajitafutia kesi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo mikono. Mwili uliozoea pombe hutetemeka ukiikosa. Usimwamuru aache ghafla: degedege huweza kumpata ndani ya saa 48 tangu glasi ya mwisho. Aanzie kwa daktari, aachishwe kwa dawa. Akitaka ushauri, simu ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni ya bure.

Mnasihi atoke nje ya kampuni, na amjulishe mwajiri jambo moja tu: amehudhuria au hakuhudhuria. Msimtwike afisa wa wafanyakazi kazi hiyo. Nani atamwaga siri zake kwa mtu anayeandika barua za onyo?

Hesabuni siku mapema. Sheria inampa angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, ilhali vituo vya kurekebisha tabia mara nyingi humweka mtu miezi 3. Zilizobaki mkubaliane kwa maandishi, pamoja na masharti ya kurudi: haendeshi bila cheti cha daktari, atapimwa bila taarifa, na akiteleza tena kitafuata nini.

Na kama bonasi yenu ya Krismasi huwa kreti ya bia, zungumza na meneja kabla ya Desemba.